Viatu vya Kusimamia Vidole

Nimeacha kazi ya viatu nikiwa na miaka thelathini na minne, na hapa mtaani Kanyenye jambo hilo limekuwa kichekesho. Watu wananiita mstaafu, wananipisha kwenye benchi kama babu yao, na juzi binti mmoja alinipa shikamoo mara mbili kwa makusudi, nami nikaitikia marahaba zote mbili ili asipate hasara. Kidole gumba cha mkono wangu wa kulia hakikunjiki tena. Fundi viatu asiyeweza kubana sindano hana la kufanya mezani ila kuwasemesha wateja, na hilo ninyi vijana mliobaki mezani mnalifanya vizuri kuliko mimi. Basi nimekaa barazani na daftari la shule na penseli, nina ndoto ya kufungua mkahawa wa chai wenye viti vya ngozi nitakavyovikatia mwenyewe kwa mkono wa kushoto, na nina muda.

Mmeniuliza mara nyingi kama ni kweli nilivaa viatu vya waridi vya mwanamke nikasimama uani kwa muoka mikate mbele ya watu. Ni kweli. Lakini anayewasimulia anaanza mwisho. Mimi nitaanza mwanzo, nanyi mnisamehe nikizunguka, maana kwa mapadri niliishia darasa la nne.

Nilifika kwa Fundi Shabani nikiwa na miaka kumi na minane, na siku ya kwanza hakunipa nyundo wala ngozi. Alinimwagia sakafuni gunia zima la viatu vichakavu akaniambia nimweleze kila mwenye kiatu anatembeaje. Niliokota buti moja nikasema mwenyewe ni mtu mrefu. Akaniuliza urefu nimeuonea wapi. Nikasema basi labda ni mnene. Akalichukua, akaligeuza, akanionyesha soli: upande wa nje umeliwa, kisigino kizima, na ncha imechubuka hadi nyuzi zinaonekana. "Huyu ni mwanafunzi wa upadri kutoka Kipalapala," akasema. "Anapiga mpira na viatu vya misa." Mwenye buti alipokuja kulichukua Jumamosi, alikuwa amevaa kanzu na magoti yana vumbi la uwanjani. Toka siku hiyo nilimwamini Fundi kwa kila kitu, hata pale alipokosea.

Baba yake Fundi alikuwa mpagazi, wale waliobeba mizigo kutoka hapa hadi pwani na kurudi kwa miguu mitupu. Fundi alisema utoto wake wote ulikuwa ni kumchomoa baba miiba na kumpaka mafuta ya nyonyo kwenye magaga, zile nyufa za visigino ambazo ungeweza kuficha punje ya mtama ndani yake. Nadhani ndiyo maana aliiheshimu miguu ya watu kuliko nyuso zao. Alikuwa na desturi moja ambayo hakuivunja hata kwa bwana mkubwa wa bomani. Mteja avue, asimame wima juu ya kipande cha ngozi, achorwe kwa mkaa. Ukikaa kwenye kiti hakuchori. Alisema mguu uliokaa unadanganya, unajikunja mdogo kama mtu anayeomba ruhusa; mpaka ubebe mwili ndipo unasema ukweli. Vipande hivyo vya ngozi alivitundika ukutani kwa misumari, nyayo za nusu ya mji wa Tabora, na akigombana na mtu alikuwa anaenda kuuangalia unyayo wake kwanza kabla ya kujibu.

Vifaa vyetu mnavijua, ndivyo hivyo mnavyotumia. Kisu cha nusu mwezi, nyundo ya uso mpana, sindano ya kutobolea, nta, na kalibu za mti, yale maumbo ya miguu tunayovalisha ngozi. Ninachotaka mjue ni kwamba kalibu zile Fundi alizichonga mwenyewe, na kila jioni alizifuta kwa kitambaa kama anaosha watoto.

Mwaka wangu wa pili, baada ya mavuno, wakaja wacheza ngoma. Ninyi mmewaona. Wanafunga njuga miguuni, zile kengele nzito za chuma, na wanacheza siku mbili tatu mfululizo kushindana na kundi jingine. Kazi yetu ilikuwa mikanda ya kufungia njuga. Alikuwapo mchezaji mmoja, Ngasa, kijana mwenye miguu kama nguzo, lakini vifundo vyake vilikuwa vimekatwa na mikanda hadi nyama nyekundu. Alicheza hivyo hivyo. Mimi nilipoviona vile vidonda machozi yalinitoka, na Ngasa akanicheka, akawauliza wenzake kama nimefiwa. Nikaomba ruhusa nijaribu kitu: nikatia ngozi laini ya kondoo, yenye manyoya yake, upande wa ndani wa mkanda. Akacheza siku tatu. Akarudi bila kidonda kipya, na kundi lake limeshinda, akanibeba mabegani akanizungusha mtaa mzima hadi mlango wa kanisa. Kichwa changu kilivimba. Niliamini nimegundua siri ya kazi yote ya viatu: panapouma, weka laini.

Kumbukeni hapo, kwa sababu ndipo nilipojitega.

Vita vya pili vya dunia vilikuwa vimeshika moto, na meli hazikuleta tena mizigo ya starehe. Siku moja akaja Bibi Eleni, Mgiriki ambaye mumewe alilima tumbaku, naye aliishi mjini karibu na stesheni. Zamani alikuwa mchezaji katika jumba la maonyesho huko Aleksandria, wale wanaocheza wamesimama juu ya ncha za vidole. Pale nyumbani kwake alifundisha wasichana sita wa Kizungu. Alikuwa na kifurushi cha gazeti, na ndani yake kiatu kimoja cha atlasi ya waridi, kile kitambaa laini cha kung'aa, kimechakaa. Vingine kama hicho havitakuja mpaka vita viishe, akasema, na mwanafunzi wake mmoja hawezi kungoja vita viishe. Fundi ataweza?

Fundi alikigeuza kiatu kama kawaida yake. Kisigino kizima kama kipya. Soli nzima. Palipoliwa ni mbele tu, kwenye ncha, pahali pa ukubwa wa kifuniko cha chupa. Akakinusa, akakitia mkono, akakirudisha mezani.

"Mwenye kiatu hiki hatembei," akasema. "Sasa anafanya nini?"

Bibi Eleni akacheka, akajibu kwa Kiswahili chake cha haraka kwamba ndilo swali la kwanza la maana kuulizwa tangu afike Tabora.

Tulikifungua. Mimi nilitegemea chuma, au mti, kwa jinsi ncha ilivyokuwa ngumu. Tukakuta gunia. Tabaka juu ya tabaka za gunia na karatasi, zimeshikanishwa kwa uji wa unga wa ngano, zikakaushwa hadi zikawa kama gome. Zinafanya kitu mfano wa kikombe, na vidole vinakaa ndani ya kikombe hicho. Chini ya unyayo kuna uti wa ngozi ngumu unaoukinga mguu usivunjikie katikati. Ndiyo yote. Fundi akasema Wazungu wameacha chuma chote walichonacho wakaja kusimama juu ya uji. Lakini alisema kwa heshima.

Jozi yetu ya kwanza ililiwa na mende. Nawaambia kweli. Tuliiacha rafuni Jumamosi, Jumatatu tukakuta vikombe vina matundu na mende wamenenepa. Ndipo tukajifunza kutia shabu kwenye uji, lile jiwe la chumvi kali linalofukuza wadudu. Jozi ya pili ilipinda upande. Ya tatu ilikuwa nzuri, mshono mmoja mmoja kama punje za ulezi, na mimi mwenyewe niliipeleka kwa Bibi Eleni nimeifunga kwenye kitambaa cheupe.

Hapo ndipo nilipomwona Katina, yule mwanafunzi asiyeweza kungoja vita viishe. Alikuwa na miaka kumi na mitano, mrefu, mwembamba, amezaliwa Goweko katika shamba la tumbaku la baba yake. Mama yake alikuwa amefariki, akalelewa na yaya wa Kinyamwezi, kwa hiyo aliongea kama sisi na akikasirika aliongea Kinyamwezi. Alipokea viatu vyangu, akaniuliza jina, akanishukuru vizuri, akavigeuza, kisha akakipiga kimoja kwenye ngazi ya saruji kwa nguvu zake zote. Pa, pa, pa. Halafu akakikunja kama mtu anayevunja muwa.

Nilimwuliza vimemkosea nini.

"Vinapiga kelele, Mika. Na havijui mguu wangu bado," akasema. "Usininunie. Kila mtu anavipiga, hata malkia angevipiga."

Nilinuna siku mbili. Fundi akaniambia mwenye nyumba ana haki ya kugonga misumari.

Nikawa nakwenda kila wiki, maana kiatu kile hakidumu. Jasho linaulegeza uji, kikombe kinalainika, na baada ya siku chache za mazoezi kimekwisha. Na kila nilipokwenda nilimkuta Katina uani, ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, miguu ndani ya beseni la maji ya chumvi. Ndipo nilipoona kiatu kile kinafanya nini kwa mtu. Kama mtakuja kushona viatu hivyo, someni hapa polepole.

Nyayo za Katina zilikuwa ngumu, kwa sababu alikua pekupeku na watoto wa wafanyakazi shambani. Lakini nyayo hazina kazi pale. Mwili mzima unashukia kwenye kidole gumba na jirani yake. Kucha za vidole hivyo zilikuwa nyeusi, damu imevilia chini yake. Moja ilikuwa inacheza. Juu ya kila kiungo cha kidole palikuwa na sugu, na kati ya vidole malengelenge, mengine mapya, mengine yamepasuka. Kifundo cha mfupa pembeni ya kidole gumba kilikuwa kimeanza kutokeza nje na kukisukuma kidole kuelekea wenzake. Mshipa wa kisigino ulisimama kama kamba ya kuanikia nguo. Na kifundo cha mguu, hapo nisiwafiche, kilikuwa na nguvu ambayo sikuwahi kuiona hata kwa Ngasa wa njuga. Bibi Eleni alimlinda kadiri ya uwezo wake: kucha zikatwe wima na fupi, sugu zisikwanguliwe kwa sababu ndizo ngao, malengelenge yatobolewe kwa sindano iliyopitishwa motoni. Na mtoto ambaye mifupa yake haijakomaa hakumsimamisha vidoleni kabisa, hata mama yake aje kulia mlangoni.

Katina mwenyewe hakulalamika. Alinionyesha ile kucha inayocheza akasema imekufa Jumatano na mazishi ni Jumapili, mimi nimealikwa. Nilicheka, kisha nikarudi kazini. Nilikaa mezani nafungua viatu vilivyokwisha ili tutumie tena uti wake, na ndani ya vikombe nilikuta madoa ya damu, yamekauka yakawa rangi ya kutu. Mimi ndiye niliyeshona viatu vile. Nilijiona kama mtu anayetengeneza mitego.

Halafu ikaja habari. Mwalimu mkuu wa mchezo ule kutoka Nairobi alikuwa safarini kwenda Dar es Salaam kupitia Ziwa na Mwanza, na hapa Tabora angebadilisha treni. Angeshuka asubuhi na kupanda jioni. Katikati hapo alikubali kumwona Katina akicheza, na akimpenda atamchukua akaishi kwake na kujifunza. Baba yake Katina alikuwa ameshasema neno lake: mwaka huu ukiisha bila mtu wa kumchukua, arudi Goweko kushika nyumba na jikoni, na viatu vya waridi basi. Siku moja, treni mbili, na msichana katikati. Bibi Eleni akaagiza jozi moja mpya kabisa, iletwe asubuhi ile ile ili isilainike, kwa kuwa ilikuwa masika na hewa yenyewe ilikuwa imelowa.

Fundi aliniachia mimi jozi hiyo. Alikuwa na buti za watu wa reli, na alisema mkono wangu sasa ni mwepesi kuliko wake kwa atlasi. Nami, vijana wenzangu, nikafikiria ngozi ya kondoo ya Ngasa. Nikapunguza tabaka mbili za gunia. Mahali pake, kwenye ncha, nikatia pamba ya msufi, nyororo kama shavu la mtoto. Uti nao nikauchonga ukawa mwembamba. Kwa nje hukuweza kutofautisha. Sikumwambia mtu. Nilijiambia nitamwachia Katina ashangae mwenyewe kwamba siku yake kubwa haikumuuma. Nilitembea kwenda kwa Bibi Eleni asubuhi ile nikiimba.

Alivivaa barandani, akafunga tepe, akashika nguzo, akapanda juu ya vidole. Akashuka mara moja. Akapanda tena. Safari hii nilisikia sauti ndogo ya kucha kugonga saruji, na uso wake ukawa mweupe kama karatasi. Kikombe kilikuwa kimejikunja, na vidole vyake vyote vimefika sakafuni.

"Mika," akasema taratibu, "umetia nini humu?"

Nikasema pamba. Nikasema niliona damu.

Hakunitukana. Afadhali angenitukana kwa Kinyamwezi. Alikaa chini akaanza kufungua tepe. Jozi za zamani zote zilikuwa laini kama soksi. Ilikuwa saa mbili, treni ya Mwanza imeshapiga honi, na mgeni angefika kutazama saa tisa.

Bibi Eleni alitoka ndani. Alikibonyeza kiatu kwa kidole gumba, akaelewa. Akakaa kwenye kiti mbele yangu, akavua viatu vyake, akavua na soksi, akaiweka miguu yake miwili juu ya mkeka. Sikuwa nimewahi kuiona. Vidole gumba vyote viwili vilikuwa vimelala juu ya wenzake, vifundo vimetokeza kama ndimu, na kidole kimoja hakikuwa na kucha, wala haitaota tena.

"Unafikiri hivi vilifanywa na kiatu kigumu?" akaniuliza. "Hii hapa ni kazi ya msimu mmoja wa Aleksandria. Hakukuwa na viatu vipya, nikacheza na vilivyokufa. Kiatu kigumu kinakubeba. Kiatu laini kinakuacha ubebwe na mifupa." Halafu akavaa soksi zake, akasema kama mtu anayeagiza mkate: "Muda wa saa sita unao. Nenda."

Nilikimbia. Fundi alinisikiliza bila kuinua macho kutoka kwenye buti ya mtu wa reli. Nilipomaliza, akaniambia nivae kiatu kile kabla hakijafunguliwa. Nilidhani ananidhihaki. Ni kweli mimi ni mtu mfupi na miguu yangu ni midogo, ndiyo kicheko cha ukoo wetu, na Katina alikuwa na mguu mrefu. Kwa shida, kiliingia. Akaniamuru nishike meza nipande juu ya vidole.

Nilipanda. Pamba ilikwenda zake pembeni kama haipo, vidole vikakunjika, na ukucha wangu ukakutana na sakafu. Nikaanguka juu ya gunia la viatu.

"Umeuonea huruma mguu uliokaa kwenye beseni," Fundi akasema. "Uliokaa. Nimekufundisha nini mimi?" Akaisukuma pembeni buti ya mtu wa reli, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akanipa kisu.

Tulifungua atlasi mbele tu, tukatoa pamba yote, tukapanga gunia tabaka kwa tabaka na uji mzito wenye shabu, tukaongeza moja juu ya ile idadi ya kawaida. Yeye akakata uti mpya kutoka ngozi ya shingo ya ng'ombe, mimi nikashona. Saa tano vilikuwa juu ya kalibu, vimelowa, na nje mvua ya manyunyu inanyesha. Kwa hewa ile vingekauka baada ya siku mbili.

Fundi ndiye aliyekumbuka tanuri la Bi Zuwena, yule Mwarabu muoka mikate wa mtaa wa pili. Mikate ya asubuhi imeshatoka, tanuri bado lina joto la kupoa. Tukaenda mbio tumevifunika kwa koti. Bi Zuwena alitazama vile viatu vya waridi, akatutazama sisi, wanaume wawili tuliolowa.

"Shabani, mikate yangu imekukosea nini hata leo unaniletea viatu nioke?"

Fundi akamwambia ni vya binti anayepimwa leo kama atasafiri, joto likizidi vitapasuka, likipungua binti atabaki. Kutaniana kukaisha palepale. Bi Zuwena akaingiza mkono tanurini kama anavyopima kwa mikate, akahesabu kimoyomoyo, akautoa, akasema tungoje kidogo. Akarudia. Mara ya tatu akavipokea yeye mwenyewe, akavipanga mbali na ukuta wa ndani, na akasimama pale muda wote akivigeuza kwa koleo la mbao, asiondoke hata wateja walipoita dukani.

Vilitoka saa saba na nusu vikinuka mkate. Fundi alivigonga kwa kidole, vikalia. Lakini mlio ni mlio tu, akasema, na miguu yake yeye haingeingia hata nusu. Akaniangalia. Basi pale uani, mbele ya Bi Zuwena, watoto wake, na wanawake watatu waliofuata mikate, nilivaa viatu vya atlasi ya waridi, nikashika bega la Fundi, nikapanda.

Iliuma. Siwezi kuwadanganya kwamba haikuuma. Iliuma kama kubanwa na mlango. Lakini sikwenda chini. Kile kikombe kilinishika pande zote, uti ukanisukuma kutoka chini, na kwa muda wa pumzi tatu nilikuwa mrefu kuliko Fundi Shabani. Niliona juu ya ukuta wa Bi Zuwena. Nikaelewa jambo ambalo nilikuwa nimelitazama mwaka mzima bila kuliona: yule msichana alikuwa anakaa huku juu si pumzi tatu, anakaa wimbo mzima, anageuka, anatabasamu. Wanawake walicheka hadi wakashika mbavu. Mimi nilishuka nikasema vimefaa.

Saa nane na nusu nilimkabidhi Katina. Akavigonga kwenye ngazi mara mbili, akavikunja kidogo, akapanda. Akabaki juu. Akaniangalia kutoka kule juu, akaingia ndani.

Mimi na Fundi tulisimama mlango wa jikoni pamoja na mpishi. Meza ya chakula ilikuwa imetolewa, gramafoni inalia. Mgeni alikuwa kibibi kidogo mwenye fimbo, amekaa kwenye kiti kigumu, hajavua kofia. Nilichoona ni kidogo, kwa kuwa mpishi ni mpana, lakini nilisikia kila hatua, tok, tok, nyepesi kama mvua inayoanza kwenye bati, na pale miguu ilipokaa kimya nilijua amesimama juu ya mguu mmoja, na nilishika pumzi pamoja naye. Fundi Shabani, ambaye hakuwahi kusifu kitu mbele yangu, alinong'ona kwamba baba yake alibeba pembe za ndovu hadi pwani na hakuwahi kubeba namna hii.

Gramafoni ikanyamaza. Mgeni hakupiga makofi. Alimwambia Katina aketi, akapiga goti mwenyewe kwa shida, akafungua tepe, akavua viatu vyote viwili. Akaishika miguu ile mmoja mmoja. Akabonyeza kucha, akazungusha kifundo, akakunja vidole na kuvinyoosha, akapitisha kidole chake kwenye sugu. Alitazama ndani ya viatu pia, akavinusa, akakunja uso, maana bila shaka hakutegemea mkate. Halafu wakaongea kwa Kiingereza muda mrefu, yeye na Bibi Eleni, nami nilikuwa na Kiingereza cha darasa la nne, yaani sina. Mpishi naye hakusikia vizuri. Tulingoja tu.

Katina akatoka kupitia jikoni, pekupeku, akiwa ameshika viatu mkononi. Alikaa kwenye kizingiti kwa sababu hakuweza kusimama zaidi. Malengelenge mawili yalikuwa yamepasuka, na kucha ile nyingine ya kidole gumba ilikuwa inavuja damu pembeni hadi kwenye saruji. Alikuwa analia na kucheka kwa pamoja, na kwa muda sikuweza kujua kipi ni kipi.

"Wiki ijayo," akasema. "Amesema miguu yangu iko tayari. Nakwenda, Mika."

Mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka kusema pole, kama ningemwambia mtu yeyote mwenye damu mguuni, kama mama yangu alivyonifundisha. Nikaufunga. Nikachuchumaa mbele yake, nikaitazama miguu ile vizuri, yote miwili, bila kugeuza uso.

"Hongera," nikasema.

Akauinua mguu mmoja juu zaidi, ili niuone.